Namna ya kuwatafsiria watu wa nyumbani muvi ya Oasis bila kuiharibu

Wadau, hii sio ya wale wanaosoma sabtaito za Kiingereza wenyewe huku wamejifungia chumbani na hedifoni, hao waendelee tu. Hii ni ya wewe ambae jumamosi usiku hapo Tandika au Kimara sebuleni kuna mama, kuna mama mdogo, kuna mjomba alokuja toka Tanga kwa matibabu, na wote wanategemea mdomo wako kujua Mkorea kasema nini. Na ukishawaambia leo naweka muvi ya Kikorea ya mapenzi, kichwani kwao inakuja sizoni, kijana tajiri koti refu, binti maskini mpole, mama mkwe mwenye roho mbaya anammwagia mtu maji usoni mgahawani. Oasis haina hata kimoja hapo. Mapenzi ya humu ni ya jamaa, Jong-du, katoka jela akakuta ndugu zake wamehama bila kumwambia, na binti, Gong-ju, mwenye mtindio wa ubongo ambae kaka yake kamuacha peke yake kwenye nyumba ya zamani. Alafu baba wa huyo binti ndo aliyekufa kwenye ajali iliyompeleka jamaa jela. Ukiitafsiri kizembe watu wanasinzia, au mbaya zaidi wanacheka pasipochekwa.

Ntamwaga siri zote humu, mwisho pia, kwasababu anaetafsiri lazima ajue. Kama hutaki kuharibiwa utamu funga kwanza ukaangalie, rudi baadae.

Na kuiangalia mwenyewe mapema ndo kazi ya kwanza, usije ukajifanya fundi ukatafsiri kitu ambacho na wewe unakiona leo. Humu kuna vitu viwili vitakuumbua. Kimoja ni siri ya ile ajali, inatoka muvi imeshaenda mbali kwenye mzozo wa ndugu, kwamba aliyegonga sio Jong-du, ni kaka yake mkubwa, yeye alibeba tu kesi maana kaka ana familia na yeye wanamuona hana cha kupoteza. Ukiropoka hilo mwanzoni umeiua. Cha pili kipo mapema kabisa na ni kizito, Jong-du anarudi kwa yule binti akiwa peke yake ndani anajaribu kumbaka, binti anazimia. Hii sini ndo inayowagawa watu toka muvi imetoka 2002 mpaka leo, na kwenye sebule yako itawagawa pia. Ntarudi hapo.

Watoto wakalale. Sio wale wadogo tu, na wa sekondari fikiria mara mbili, kuna sini ya kitandani pia huko mbele na kukaa nayo pembeni ya mama yako mzazi ni shughuli.

Mambo ya vyombo nitapita haraka. Chaji laptopu ijae maana muvi ni zaidi ya saa mbili na umeme wa jumamosi usiku unaujua, spika ya nje iwepo, na tafuta kopi yenye sabtaito zinazoenda na sauti. Kama zinapishana na unatumia programu ya VLC kwenye Windows, bonyeza H zichelewe au G ziwahi, gusa gusa mpaka mdomo na maandishi vikutane, fanya hivo kabla watu hawajakaa. Wewe kaa pembeni ya kochi karibu na kitufe cha kusimamisha, usikae mbele, ukikaa mbele watu wanakuangalia wewe na sio skrini. Sauti yako iwe chini kuliko ya muvi, hili watu hawalielewi, wanadhani kutafsiri ni kufunika.

Kabla hujabonyeza pleya ongea dakika mbili. Waambie mtindio wa ubongo ni nini, kwasababu usiposema wewe mtu atasema karogwa na hapo jioni imeshaisha. Ubongo unaumia mtoto akiwa tumboni au wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baada ya hapo, mwili ndo unakosa kutii, viungo vinakaza, shingo inaenda upande, maneno yanatoka kwa shida. Hauambukizi. Na wapo wengi wenye hali hiyo ambao akili zao ziko sawa kabisa, wanasikia kila unachosema hapo mbele yao. Gong-ju ni wa hao. Neno taahira lisitoke mdomoni mwako usiku huo hata kama kuna mhusika kwenye muvi anamdharau, tafuta namna nyingine ya kuonyesha dharau yake, ipo kwenye sauti ya mwigizaji tayari.

Waambie pia kuna sini ya mwanamke kushambuliwa. Sema tu, mapema kuna sini mbaya, asiyetaka kuiona ntamshtua atoke. Kwenye sebule yoyote ya Dar yenye wanawake watano sijui nani kapitia nini, na wewe hujui.

Alafu majina. Jong-du, Gong-ju, kwa masikio yetu hayo ni mapacha, dakika ya kumi mama mdogo ameshachanganya. Mwanaume muite steringi, watu wamekulia vibanda umiza, vile vya kuonyesha muvi mtaani, wanajua steringi ni nani hata akiwa hana sura ya usteringi, na huyu hana, anavuta makamasi muvi nzima, hatulii, anacheka ovyo. Mwanamke muite jina lake, Gong-ju, kila mara, kwasababu humo ndani karibu kila mtu anaongea juu yake kama vile hayupo chumbani na wewe usiongezee. Ndugu wa pande zote watajie kwa undugu wetu tu: mke wa kaka yake Gong-ju ni wifi, mke wa kaka yake Jong-du ni shemeji. Ukisema wifi huna haja ya kueleza chochote tena, mama na mama mdogo watamaliza wenyewe.

Haya, bonyeza.

Mwanzoni kuna vitu viwili vya Kikorea ambavyo usipovitaja vinapotea. Jamaa anashuka kwenye basi kavaa shati la mikono mifupi. Sisi hapa hatushtuki, shati la mikono mifupi si ndo nguo. Lakini ni majira ya baridi na Seoul wakati huo inashuka chini ya sifuri, na sisi julai ikifika digrii 20 asubuhi kituo kizima cha daladala kina majaketi. Aliingia jela joto katoka baridi na hakuna aliyemletea koti, sema hivo kwa sentensi moja nyamaza. Cha pili ni tofu, chakula cheupe cha soya. Wakorea mtu akitoka jela ndugu zake wanampa tofu ale ili asirudi tena. Huyu anaila mwenyewe dukani, bila ndugu. Ukisema hayo mawili mjomba ataguna, na ukisikia mguno jua wameingia.

Sasa tabia ya kibanda umiza. Tunaipenda wote, yule anaetafsiri anaongeza chumvi, anampa adui jina la mtaani, anamtukana, watu wanavunjika mbavu. Muvi za mapigano zinabeba hiyo. Hii haibebi, kwasababu haina adui. Kaka yake Gong-ju amepata nyumba mpya nzuri kwa mgongo wa ulemavu wa dada yake, ye na mke wake wanahamia, Gong-ju anabaki kule kwa zamani, jirani analipwa awe anamlisha. Siku wakaguzi wanakuja wanamfuata wanamuweka kwenye nyumba mpya aonekane anaishi pale, wakaguzi wakiondoka anarudishwa. Ukitaka kumuita adui utamuita. Lakini angalia anavyofanya, hana sura ya ubaya, ana sura ya mtu anaebana matumizi. Na watu wa sebuleni wanamjua mtu wa hivi, yupo kwenye koo zao, sasa ukishampa cheo cha adui umewapa pa kujifichia. Toa maneno yake kama alivyosema, bila kumchezea sauti.

Sini mbaya ikikaribia shtua aliyeomba kushtuliwa. Ikianza usitafsiri kwa maneno laini, usiseme anamtongoza, usiseme anamtaka. Anajaribu kumbaka, neno ni hilo. Alafu nyamaza mpaka iishe. Huko mbele kidogo Gong-ju mwenyewe anapiga simu, ya Jong-du, usiku, na sebule nzima itakugeukia wewe, kwanini kampigia? Usijibu. Huna jibu na muvi haikupi. Mimi binafsi sijawahi kuridhika na hapo, kuna siku naona ni binti ambae maisha yake yote ni yeye na redio na mtu wa kwanza kumletea maua ndo huyo huyo wa balaa, na kuna siku naona muongozaji amejirahisishia. Ila waachie wabishane, na mtu akisema huyu steringi mi sitomsamehe mpaka mwisho, usimbembeleze. Ana haki.

Kuanzia kwenye simu ndo kazi yako halisi inaanza, maana sasa Gong-ju anaongea. Na hapa kuna mtego wa kiufundi. Sabtaito hazimsubiri. Maandishi ya sentensi nzima yanatokea skrini pale tu anapofungua mdomo, yeye bado anapambana na neno la kwanza, shingo imekaza, pumzi inakata, na wewe umeshamaliza kusoma. Ukitafsiri hapo hapo umemkatisha. Fanya hivi: soma kimoyomoyo, shika, subiri mpaka afike mwisho wa sentensi yake mwenyewe, ndo useme kwa Kiswahili kifupi. Itakuwa ngumu, watu watakuambia sema basi. Usiseme. Jong-du anasubiri, ndo kitu pekee anachokifanya vizuri kuliko ndugu zao wote, anakaa hapo anamsikiliza mpaka amalize, kwaiyo ukisubiri sebule nayo inasubiri pamoja nae bila wewe kueleza kitu chochote. Baada ya nusu saa hivi utaona kitu cha ajabu, mama anaanza kumuelewa kabla yako.

Kinachofuata kitaleta kelele. Gong-ju anasimama. Hakuna muziki wa kuashiria, hakuna ukungu pembeni ya picha kama kwenye ndoto za bongo muvi, wako kwenye treni, kuna wapenzi wengine wanachezeana kwa chupa tupu ya maji, na mara Gong-ju ametoka kwenye kiti cha magurudumu anampiga piga Jong-du kichwani kwa chupa, anacheka, mwili umenyooka. Nilipoweka kwetu ilikuwa hivi.

"We! Kapona?" mama mdogo kashika mdomo.

"Kumbe alikuwa anaigiza muda wote," mjomba nae.

"Nyamazeni," mama akasema, "anawaza tu. Si mnaona anaangalia wale wenzie."

Mi sikutia neno. Na wewe usitie, hata wakikushika shati. Wakishagundua wenyewe mara moja, zile nyingine zitakazofuata, ile ya kuimba, na ile ambayo yule mwanamke wa Kihindi, mtoto na tembo waliopo kwenye kitambaa cha ukutani wanaingia chumbani kucheza nao, hazitahitaji mkalimani. Tena watazisubiri. Ukieleza ya kwanza umewanyang'anya zote.

Kuna sini ya foleni barabarani, jamaa kamchukua Gong-ju kwenye gari ya mteja wa gereji ya kaka yake, magari yamesimama, anashuka nae kambeba anacheza nae katikati ya magari. Hapo pumzika kunywa maji. Mtu yeyote aliyekaa Ubungo saa kumi na mbili jioni anaielewa.

Kwenye shughuli ya kuzaliwa ya mama yake Jong-du kaa wima. Jamaa kamleta Gong-ju kwenye mgahawa, kavaa kapendeza, ukoo mzima unakula kwa macho chini. Inafika picha ya pamoja. Mpiga picha kasimama, watu wanapangwa, Jong-du anasukuma kiti cha Gong-ju aingie kwenye mstari na inabidi ndugu aseme kwamba hii ni picha ya familia. Maneno ni machache mno na yanasemwa kwa adabu. Kosa la watafsiri hapo ni kurefusha, wanaweka na hasira yao. Sema kwa adabu ile ile, kwa sauti ya shangazi anayepanga watu kwenye picha za harusi pale ukumbini, maana wote sebuleni wamewahi kuisikia hiyo sauti ikimtoa mtu kwenye picha. Siri ya ajali ikitoka simamisha muvi, rudisha nyuma sekunde kumi, rudia tafsiri neno kwa neno. Watapiga kelele "kaka mtu ndo aligonga!" Waache wapige, hapo ndo pa kwenda kujisaidia na kuongeza chai.

Mwisho sasa, kituo cha polisi. Hawa wawili wamelala pamoja kwa hiari yao, Gong-ju ndo alimwambia abaki, kaka na wifi wakaingia wakawakuta. Jong-du kakamatwa kwa kubaka. Askari, kaka, wifi, kila mtu ana maelezo ya kilichomtokea Gong-ju, kuna mpaka mazungumzo ya hela za kumalizana, na Gong-ju yupo hapo hapo. Anataka kuongea. Mwili umekaza kwa hasira na hofu, hakuna neno linalotoka, anaishia kugongesha kiti chake kwenye kabati. Sabtaito hapo kwa upande wake hazina kitu, na wewe usiwe na kitu. Utatamani kweli kusema "anataka kuwaambia hakubakwa". Ndugu zangu, hapo ndo ukae kimya kuliko popote, kwasababu kila mtu kwenye kile chumba anafanya kazi ile ile unayofanya wewe, anamsemea. Wacha sebule ipige kelele "si mumsubirini aseme!" maana mmekuwa mkimsubiri saa mbili nzima na mnajua anaweza. Na mkumbuke siku ile ya kwanza, siku ambayo kweli alishambuliwa, hapakuwa na askari wala kaka. Hilo usiliseme, wakilisema wao kesho yake asubuhi ndo vizuri.

Jong-du anatoroka kituoni, anaenda kupanda mti ulio nje ya dirisha la Gong-ju, anakata matawi usiku wa manane polisi wako chini. Kwa walio chini ni kichaa. Nyie mnajua kivuli cha yale matawi kikianguka kwenye kile kitambaa cha ukutani ndo kinachomtisha Gong-ju usiku. Gong-ju ndani anafungulia redio juu kabisa. Kazi yako hapo ni moja, ongeza sauti ya spika. Barua ya mwisho kutoka jela itafsiri polepole, ile ni sauti ya msomaji tu kwaiyo una nafasi, na usiweke pumzi za kuigiza, barua ya jamaa ni ya kawaida sana.

Taa zikiwaka ndo utoe habari za pembeni, sio kabla. Mama atauliza yule binti ni mgonjwa kweli? Hapana, ni Moon So-ri, anatembea kama wewe, na kazi hii ndo ilimpa tuzo ya mwigizaji chipukizi kwenye tamasha la filamu la Venice 2002, muongozaji Lee Chang-dong nae akachukua tuzo ya uongozaji hapo hapo. Mjomba utampata na hii, kwamba Lee alikuwa mwalimu na mwandishi wa riwaya kabla ya muvi, na 2003 akawa waziri wa utamaduni wa Korea Kusini. Kuna watu wanasema nafasi ile angepewa mwigizaji mwenye ulemavu mwenyewe, na ni hoja, ila zile sini za kusimama zingebidi zifanywe kivingine kabisa. Na kama kuna mtu amekaa kimya sana baada ya muvi na baadae jikoni anakuuliza habari za mtoto wa jirani ambae hatolewi nje, mwambie hospitali ya CCBRT pale Msasani wana mazoezi ya viungo kwa watoto wa mtindio, na mapema ni bora kuliko kuchelewa.

Wakiomba nyingine ya muongozaji huyo huyo usikimbilie Peppermint Candy japo ni waigizaji wale wale wawili, Sol Kyung-gu na Moon So-ri, ile stori inaanza mwisho inarudi nyuma miaka ishirini na kwa kutafsiri mdomoni utachanganyikiwa wewe kabla yao. Weka Poetry ya 2010, ya bibi mmoja anaejifunza kuandika mashairi huku kumbukumbu zinaanza kumtoka na mjukuu wake kafanya jambo baya. Nayo watoto wakalale.